Sampu ya Plastiki na Sampu ya Chuma: Uchambuzi wa Mabadiliko ya Chini ya Giaboksi ya Otomatiki

Katika magari mengi ya otomatiki yaliyoundwa tangu mwanzoni mwa karne hii, hasa yale ya kifahari kutoka Ulaya na pikapu kubwa za Marekani, bakuli lililofungwa chini ya giaboksi ili kukusanya mafuta na kuikinga mitambo ya ndani, ambalo mafundi huliita sampu, halitengenezwi tena kwa bati la chuma bali kwa plastiki. Badiliko hilo limezaa biashara kubwa ya vipuri, kwa kuwa watengenezaji wengine wasio na uhusiano na kampuni zilizounda magari hayo huuza sampu za alumini au za bati la chuma, wakiahidi kwamba mwenye gari atakayeitoa ile ya plastiki na kufunga ya kwao atapata giaboksi isiyochemka, isiyovuja na isiyopasuka. Swali linalostahili kuchunguzwa ni kama ahadi hizo zina msingi, na kama zina msingi, ni ipi kati yake iliyo na uzito wa kumfanya mtu atoe fedha. Hoja itakayojengwa hapa ni kwamba faida inayotangazwa zaidi, ile ya kupoza mafuta, ndiyo ndogo kuliko zote, ilhali faida isiyotangazwa sana, ya kurahisisha ubadilishaji wa mafuta na filta, ndiyo inayoweza kurefusha maisha ya giaboksi.

Mfano ulio bora kwa uchunguzi huu ni giaboksi za kampuni ya ZF ya Ujerumani, iliyoanzishwa mwaka 1915 mjini Friedrichshafen ili kutengeneza gia za ndege kubwa za gesi za Zeppelin. Giaboksi yake ya gia sita, inayojulikana kwa jina la 6HP, iliingia sokoni mwaka 2001 ndani ya BMW za mfululizo wa 7, kisha ikatumika katika BMW X5, Jaguar, Range Rover na Land Rover Discovery 3. Ile ya gia nane, yaani 8HP, ilifuata mwaka 2009 na kuenea kwa kasi kubwa zaidi, hata kampuni ya Chrysler ikapata leseni ya kuitengeneza huko Kokomo katika jimbo la Indiana, na kuifunga katika pikapu za Ram 1500 na magari ya Jeep Grand Cherokee. Katika sehemu kubwa ya magari hayo sampu ni ya plastiki, na filta imeunganishwa nayo moja kwa moja kiwandani, kiasi kwamba haiwezekani kubadilisha filta bila kutupa sampu nzima.

Ni vyema kueleza kwanza kwa nini wahandisi waliichagua plastiki, kwa sababu si kweli kwamba lengo lao pekee lilikuwa kubana gharama. Plastiki inayotumika ni poliamidi 66, aina ya nailoni ambayo asili yake ni kazi ya mkemia Wallace Carothers na wenzake katika kampuni ya DuPont mwaka 1935, na ambayo kwa matumizi ya magari huchanganywa na nyuzi fupi za kioo kwa kiasi cha karibu theluthi moja ya uzito wake ili ipate ugumu. Nyenzo hiyo ina msongamano unaokaribia gramu 1.4 kwa kila sentimita ya ujazo, wakati alumini ina 2.7 na chuma kina 7.8, na katika kipindi ambacho Umoja wa Ulaya, kwa kanuni yake ya mwaka 2009, uliwataka watengenezaji washushe wastani wa hewa ya kaboni hadi gramu 130 kwa kilomita na baadaye gramu 95, kila kilo iliyopunguzwa ilikuwa na thamani yake. Zaidi ya hayo, plastiki haishiki kutu, hupunguza mlio wa gia unaopenya hadi ndani ya gari, na kwa kuwa humiminwa katika kalibu, inaweza kutolewa ikiwa tayari na kuta za ndani za kuzuia mafuta yasisukwe huku na huko, vishikizo vya sumaku na nyumba ya filta, vyote kwa hatua moja. Anayeiita sampu hiyo takataka hajatazama kazi iliyofanywa ndani yake.

Hata hivyo, poliamidi ina tabia ambazo mwenye gari lazima azijue. Katika joto la kati ya digrii 50 na 80 za Selsiasi, kutegemea unyevu ulioingia ndani yake, molekuli zake huanza kulegea na nyenzo hupoteza sehemu ya ugumu wake, na joto la kawaida la mafuta ya giaboksi ni digrii 80 hadi 100, maana yake ni kwamba sampu huishi upande wa pili wa mpaka huo karibu wakati wote gari linapotembea. Nyuzi za kioo huizuia isilegee kupita kiasi, lakini hazizuii kabisa ule utambazi wa polepole ambao kwao kitu kilichobanwa kwa muda mrefu hupungua unene kidogo kidogo na boliti zikapoteza mkazo. Ndiyo maana katika matundu ya boliti za sampu hizo huwekwa vipete vya chuma, ili nguvu ya boliti ibebwe na chuma, huku gasketi ikibanwa kwa kiasi kilichopimwa na si zaidi. Fundi anayeona unyevu wa mafuta pembezoni mwa sampu na kuongeza nguvu ya spana hafaidiki chochote, kwa kuwa kipete tayari kimegota kwenye mwili wa giaboksi, na kinachofuata ni kukatika kwa boliti au kuharibika kwa uzi wake ndani ya alumini. Nguvu inayotakiwa katika nyingi ya giaboksi hizi ni nyutoni mita 10 tu, kiasi ambacho mkono uliozoea boliti za magurudumu hukivuka bila kujua.

Baada ya miaka mingi ya kupashwa joto na kupoa, kingo za sampu hupinda kidogo, gasketi ya mpira hukauka, na uvujaji huanza. Hapa ndipo wenye magari wengi hufikia uamuzi kwamba plastiki imeshindwa na kuagiza ya chuma. Kabla ya kufikia uamuzi huo kuna jambo moja ambalo halina budi kuthibitishwa, nalo ni chanzo halisi cha mafuta yanayoonekana. Ndani ya giaboksi za ZF, kompyuta ya giaboksi na mkusanyiko wa vali zinazoelekeza mafuta vimeunganishwa kuwa kitu kimoja kinachoitwa mekatroniki, nacho kimezama katika mafuta, kwa hiyo plagi ya umeme hulazimika kupenya ukuta wa giaboksi kupitia bomba fupi la plastiki lenye oringi, yaani pete za mpira za kuzuia uvujaji. Oringi za bomba hilo zikizeeka, mafuta hutoka pale ubavuni, huteremka kwenye ukingo wa sampu na kuuzunguka, na kwa anayetazama akiwa chini ya gari huonekana kana kwamba sampu ndiyo inayovuja. Sampu nyingi zimelaumiwa na kutupwa kwa kosa la kipande hicho kidogo cha bei nafuu, na mwenye gari aliyeweka sampu ya alumini kwa gharama kubwa huendelea kuona madoa yaleyale kwenye sakafu. Kusafisha eneo lote, kuendesha gari siku chache na kutazama mafuta yanaanzia juu au chini ni kazi inayotangulia ununuzi wowote.

Sasa inafaa kuitazama ahadi ya kupoza, kwa kuwa ndiyo inayouza sampu nyingi zaidi. Hoja ya wauzaji ni rahisi na kwa juu juu inavutia: alumini hupitisha joto mara mamia kuliko plastiki. Hilo ni kweli kama nyenzo zitapimwa peke yake. Poliamidi yenye nyuzi za kioo hupitisha joto kwa kiwango cha karibu wati 0.3 kwa kila mita kwa kila digrii, chuma cha kawaida hupitisha karibu wati 50, na alumini ya kumiminwa hupitisha kati ya wati 100 na 150 kulingana na mchanganyiko wake. Lakini joto linalotoka kwenye mafuta hadi hewani halivuki ukuta wa sampu tu, bali huvuka vizuizi vitatu vilivyofuatana: kwanza utando wa mafuta yanayotembea taratibu juu ya uso wa ndani, pili ukuta wenyewe, na tatu utando wa hewa unaoganda juu ya uso wa nje. Hewa ni mbebaji hafifu wa joto, na kizuizi cha tatu ndicho kikubwa kuliko vingine, kwa hiyo kuondoa kizuizi cha pili karibu chote hakuzidishi mtiririko wa joto mara mamia, bali hukiondoa kile tu ambacho ukuta ulikuwa unakizuia.

Makadirio ya kawaida ya kihandisi yanaweza kuonyesha ukubwa wa jambo hili. Ichukuliwe sampu yenye eneo la mita za mraba 0.2 na ukuta wa milimita 3, mafuta yakiwa na joto la digrii 90, hewa ya nje digrii 35, na gari likitembea kwa mwendo wa barabara kuu. Kwa viwango vinavyokubalika vya upitishaji joto kati ya mafuta na ukuta na kati ya ukuta na hewa, sampu ya plastiki itatoa joto la wati 240 hivi, na ya chuma au alumini isiyo na mapezi, yaani zile mbavu nyembamba za kuongeza uso wa nje, itatoa wati zinazozidi 300 kidogo. Ikiongezwa mapezi yanayozidisha uso huo mara mbili, kiasi hicho kinaweza kukaribia wati 490. Ongezeko hilo ni la kweli na halipaswi kudharauliwa, lakini lazima lilinganishwe na joto linalozalishwa: pikapu inayovuta tela mlimani ikitumia kilowati 150 za injini, hata kama giaboksi itapoteza asilimia tano tu ya nguvu hiyo, ina wati 7,500 za joto la kuondoa. Kazi hiyo hufanywa na kipozeo cha mafuta, kile kifaa chenye mirija ambamo joto la mafuta huhamishiwa kwenye maji ya rejeta au hewani moja kwa moja, na sampu ya aina yoyote ni msaidizi mdogo tu.

Lililo zito zaidi ni kwamba msaada huo hupungua pale unapohitajika sana. Kati ya injini na gia za otomatiki kuna konveta ya toki, chombo cha duara kinachosafirisha nguvu kwa msukumo wa mafuta. Gari linapokwenda kwa kasi, klachi ndogo iliyo ndani ya konveta hufunga na kuunganisha pande mbili, na joto huwa dogo. Lakini gari linapopanda mlima kwa mwendo wa kutambaa, likiwa kwenye mchanga, au likisogea na kusimama katika foleni, klachi hiyo huachia, mafuta husukwa, na sehemu kubwa ya nguvu ya injini hugeuka joto. Katika hali hizo hizo hewa inayopita chini ya gari karibu haipo, utando wa hewa juu ya sampu huwa mnene, na tofauti kati ya plastiki na alumini hushuka hadi chini ya sehemu moja ya kumi. Mwenye Range Rover anayekwama kila jioni katika foleni ya Nairobi au Dar es Salaam, na ambaye ameona taa ya joto la giaboksi ikiwaka, atanufaika na usafishaji wa mapezi ya rejeta, ukaguzi wa feni na pengine kipozeo kikubwa zaidi, na si na sampu.

Wauzaji huongeza kwamba sampu zao ni za kina kirefu na hubeba lita mbili au tatu zaidi za mafuta. Faida ya mafuta zaidi ipo, ila si ya kupoza. Giaboksi ya 8HP ina uzito unaokaribia kilo 90 na hubeba lita nane au tisa za mafuta, na ukijumlisha uwezo wa chuma chote hicho na mafuta hayo wa kumeza joto, lita tatu za ziada huongeza uwezo huo kwa kiasi kidogo tu. Joto litapanda kwa kuchelewa kidogo, lakini safari ikiwa ndefu litafika palepale. Faida iliyo ya kweli ni kwamba uchafu na kuchakaa kwa viungo vya kemikali hugawanywa katika mafuta mengi zaidi, kwa hiyo mafuta huzeeka polepole. Katika nchi za baridi kali, kama majimbo ya kaskazini ya Marekani na Kanada, jambo hilo lina upande wake mbaya, kwa kuwa mafuta mengi ndani ya sampu yenye mapezi huchukua muda mrefu zaidi kupata joto la kufanyia kazi, na mafuta baridi ni mazito, hula nguvu ya injini na hufanya gia ziingie kwa kusitasita. Watengenezaji waliweka kipozeo cha maji kwa sababu hiyo pia, maana maji ya injini huyapasha mafuta asubuhi kabla ya kuyapoza mchana.

Kuhusu mapigo ya mawe na matuta, hukumu ni ya mchanganyiko, na aina ya metali ina maana kubwa kuliko watu wanavyodhani. Bati la chuma likigongwa hubonyea, na mara nyingi halivuji, lakini bonyeo lililo chini ya mdomo wa filta linaweza kuziba njia ya mafuta, pampu ikavuta hewa, na giaboksi ikaharibika bila tone hata moja kuonekana chini. Alumini ya kumiminwa ni ngumu na nene, hustahimili mapigo ambayo yangebonyeza bati, lakini ikizidiwa hupasuka ghafla kwa kuwa haina uwezo mkubwa wa kunyumbuka. Plastiki hunyumbuka na kurudi katika pigo dogo, na katika pigo kubwa hupasuka, hasa ikiwa imezeeka. Katika barabara za vumbi na mawe, ambazo magari haya hupita sana Afrika Mashariki, kinga iliyo bora kuliko zote tatu ni bamba la chuma linalofungwa chini ya injini na giaboksi kwenye fremu, kwa sababu hulihamishia pigo kwenye mwili wa gari badala ya kuliacha lifike kwenye sampu. Magari mengi yaliyotumika hufika yakiwa yamepoteza kinga zake za asili, zikiwa zimetolewa wakati wa matengenezo na kutorudishwa, na kuirudisha kinga hiyo kunapaswa kutangulia mazungumzo ya sampu. Kwa wakazi wa mwambao, ikumbukwe pia kwamba bati la chuma ambalo rangi yake imekwaruzwa na mawe hushikwa na kutu ya hewa ya chumvi, adui ambaye plastiki na alumini hazimwogopi kwa kiasi hicho.

Yakishapimwa hayo yote, hubaki faida moja ambayo sampu ya chuma au ya alumini inayo bila ubishi, nayo ni kuitenganisha filta na sampu. Ili kuelewa uzito wake, lazima itazamwe historia ya kauli kwamba mafuta ya giaboksi hizi ni ya maisha yote. Kampuni kadhaa zilizouza magari yenye giaboksi za ZF ziliwaambia wateja wao kwamba mafuta hayo hayahitaji kubadilishwa kamwe, ilhali ZF yenyewe, iliyoziunda giaboksi, imependekeza mafuta yabadilishwe baada ya kilomita 80,000 hadi 120,000 au miaka minane, kutegemea jinsi gari linavyotumika. Kati ya kauli hizo mbili, ya mtengenezaji wa giaboksi ndiyo yenye mantiki ya kikemikali. Mafuta huungana na oksijeni kadiri yanavyopata joto, na kanuni inayokubalika na wahandisi ni kwamba kila ongezeko la digrii 10 hivi huyapunguzia umri karibu nusu. Mafuta yaliyochoka hupoteza zile kemikali zinazoziwezesha klachi kushika bila kutetema, huacha utando kwenye vali nyembamba za mekatroniki, na hubeba vumbi la klachi na la chuma ambalo filta iliyojaa haiwezi tena kulikamata.

Kwa soko la Kenya jambo hili lina uzito wa pekee. Sheria ya nchi hiyo hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye umri unaozidi miaka minane tangu lisajiliwe kwa mara ya kwanza, na kwa kuwa bei hushuka kadiri umri unavyoongezeka, magari mengi huletwa kutoka Japani na Uingereza yakiwa na miaka saba hivi. Maana yake ni kwamba BMW au Land Rover hushuka bandarini Mombasa ikiwa imekaribia kabisa kikomo cha miaka minane kilichotajwa na ZF, mara nyingi ikiwa na mafuta yaleyale ya kiwandani, na mnunuzi akiwa ameambiwa kwamba hayo ni ya maisha yote. Maisha yaliyokusudiwa katika kauli hiyo yalikuwa ya mmiliki wa kwanza, na mmiliki wa pili aliyeko Nairobi, Kampala au Kigali ndiye anayelipia salio.

Katika mazingira hayo, gharama ya huduma ndiyo inayoamua kama huduma itafanyika. Kwa sampu ya plastiki, kila ubadilishaji wa filta hudai sampu mpya nzima pamoja na gasketi yake na boliti zake, na ile ya asili bei yake ni kubwa, jambo linalowafanya wenye magari wengi waahirishe huduma, wamwage mafuta tu bila kubadilisha filta, au wanunue sampu za bandia ambazo filta yake ya ndani haijulikani imetengenezwa kwa nini. Kwa sampu ya chuma, gharama kubwa hulipwa mara moja, na baada ya hapo kila huduma hudai filta na gasketi peke yake. Mwenye gari anayekusudia kukaa nalo kwa huduma mbili au tatu hurejesha fedha zake, na lililo kubwa kuliko fedha ni kwamba hana tena sababu ya kuahirisha. Anayekusudia kuliuza baada ya mwaka mmoja hana haja nayo. Sampu mpya ya plastiki iliyo ya asili, ikifungwa vizuri, itamfikisha salama.

Land Rover Discovery 3 huonyesha hoja hii kwa uwazi kuliko gari jingine lolote. Katika gari hilo, sampu ya plastiki ina filta yenye shingo ndefu inayopanda hadi kwenye tundu la pampu, na chini yake kuna boriti ya fremu na mabomba ya ekzosi, kiasi kwamba nafasi ya kuishusha sampu hadi shingo ichomoke haitoshi. Fundi hulazimika kuinua injini au kufungua boriti, kazi ya saa nyingi kwa ajili ya kubadilisha mafuta tu. Mafundi wa gari hilo waligundua kwamba sampu nyembamba ya bati la chuma yenye filta ya peke yake, ambayo ZF yenyewe iliitengeneza kwa giaboksi za familia hiyohiyo, huingia bila taabu, kwa hiyo wakawa wanaikata shingo ya filta ya plastiki mara moja, wanaitoa sampu ya zamani na kufunga ya bati, na kuanzia hapo kila huduma ikawa ya saa chache. Bati hilo halikupoza mafuta kwa kiasi cha kutajwa, na kwa mapigo ya mawe halikuwa bora sana kuliko plastiki, lakini limeokoa giaboksi kwa sababu limefanya mafuta yabadilishwe.

Anayeamua kubadilisha anapaswa kujua mahali ambapo kazi hii huharibika. Sampu ya bei rahisi iliyomiminwa vibaya inaweza kuwa na vinyweleo visivyoonekana vinavyotoa mafuta kwa jasho, au ukingo usio bapa, na kabla ya kuifunga inafaa ilazwe juu ya kioo kinene ili kuona kama inayumba. Filta lazima iwe ile iliyokusudiwa kwa kina cha sampu hiyo, kwa maana mdomo wake ukiwa juu mno pampu itavuta hewa gari likipinda kona kali, na ukigusa sakafu hautavuta chochote. Mpira wa shingo ya filta ya zamani mara nyingi hubaki umenasa ndani ya tundu la pampu, na filta mpya ikisukumwa juu yake haitaketi vizuri. Kosa hili huzaa mlio wa pampu na gia zinazochelewa, na hudhaniwa kuwa kufa kwa giaboksi. Sumaku ni lazima ziwemo katika sampu mpya, na zile za zamani zichunguzwe kabla ya kusafishwa: tope laini la kijivu ni la kawaida, ila vipande vya chuma vinavyoshikika kwa vidole vinaonyesha kwamba tatizo la giaboksi limevuka uwezo wa mafuta na filta. Boliti za asili ni ndefu kwa ajili ya unene wa plastiki na vipete vyake, na zikitumika kwenye ukingo mwembamba wa bati zinaweza kugota mwisho wa tundu kabla ya kuibana gasketi, kwa hiyo urefu sahihi hupimwa kabla. Silikoni haina nafasi katika kazi hii, kwani uzi wake ukichuruzika ndani huishia kwenye filta.

Kipimo cha mafuta ndicho kinachowashinda wengi, kwa kuwa giaboksi hizi hazina kijiti cha kupimia. Mafuta ya aina iliyoidhinishwa huingizwa kupitia plagi ya ubavuni, injini huwashwa, gia hupitishwa moja baada ya nyingine huku mguu ukiwa kwenye breki, na mafuta yanapokuwa kati ya digrii 30 na 50 kwa kipimo cha kompyuta ya gari, kiwango huwa sahihi pale yanapoanza kutiririka kwa uzi mwembamba kutoka kwenye tundu hilohilo, gari likiwa limelala sawa. Fundi asiye na kifaa cha kusoma joto hilo anakisia, na mafuta yakipimwa yakiwa ya moto sana giaboksi itabaki na upungufu. Pale ambapo tundu hilo liko kwenye mwili wa giaboksi, sampu ya kina kirefu haibadilishi utaratibu huu isipokuwa kudai mafuta mengi zaidi, hivyo kiasi kilichoandikwa katika kitabu cha gari hakitatosha, na anayekifuata kwa uaminifu ataiacha giaboksi na njaa.

Tahadhari ya mwisho inahusu mafundi watakaokuja baadaye. Gari lililobadilishwa sampu haliafikiani tena na nambari yake ya fremu katika orodha za vipuri, kwa hiyo muuzaji wa Kirinyaga Road jijini Nairobi au Kariakoo jijini Dar es Salaam atakayeingiza nambari hiyo katika kompyuta yake ataletewa filta na gasketi za sampu ya plastiki, ambazo hazitaingia. Jina la mtengenezaji wa sampu mpya, nambari ya filta yake, nambari ya gasketi, urefu wa boliti na jumla ya lita zilizoingia vinapaswa kuandikwa katika kitabu cha huduma, na nambari ya filta ichongwe au iandikwe kwa rangi isiyofutika kwenye sampu yenyewe, upande ambao fundi ataufikia kwa macho kabla hajafungua boliti ya kwanza.